Anayesemwa ni Nani?

Mwanafunzi wa sekondari hapa Mwanza atakutajia tamathali za usemi kama kejeli, kinaya, tashihisi na mubalagha, yaani chuku, bila kusita. Muulize basi mwandishi wa kazi ya kejeli alikuwa anamsema nani, na kwa kosa gani. Hapo anakwama, na jambo hilo linanikera, kwa sababu bila jibu lake hajaielewa kazi yenyewe.

Nenda soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, dagaa wanapopimwa. Mteja aliyevaa vizuri anataka sado nzima kwa nusu bei. Mama muuzaji hafoki: "Chukua tu baba, na mtumbwi nikufungie." Wenzake wanacheka, mteja naye anacheka huku akiingiza mkono mfukoni. Mama kasema kinyume cha anachomaanisha, hicho ni kinaya; kaongeza mtumbwi, hiyo ni chuku. Lakini kauli imeuma kwa sababu imeulenga ubahili. Angemcheka mguu mbovu, watu wangecheka vilevile, pengine zaidi, ila hilo lingekuwa tusi, maana mguu hakuuchagua. Siku hizi matusi ya namna hiyo yanapitishwa kwa jina la utani, na mimi siyakubali hata kidogo.

Shaaban Robert alijua anamlenga nani. Riwaya yake Kusadikika ilitoka mwaka 1951, Tanganyika ikiwa bado chini ya Waingereza. Nchi inayosimuliwa humo inaelea angani, hivyo si rahisi mtawala yeyote kulalamika kwamba katajwa. Waziri anaitwa Majivuno, na tabia yake ni hiyohiyo. Shuleni tunaita majazi. Mhusika mkuu, Karama, anashtakiwa kwa kutaka kufundisha elimu ya sheria. Anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, hadi mbinguni na ardhini, wakarudi na mambo mema kwa nchi yao, malipo yao yakawa kifungo. Wanafunzi wengi huziruka kurasa hizo wakidhani mwandishi anajirudia bure. Mjumbe mmoja akifungwa utasema ni bahati mbaya. Wakifungwa mmoja baada ya mwingine, unajua huo ndio utaratibu wa nchi. Takriri ile ndiyo hati ya mashtaka.

Jonathan Swift, mwandishi wa Ireland, ni mgumu zaidi. Mwaka 1729 aliandika pendekezo kwamba maskini wa Ireland wauze watoto wao wa mwaka mmoja wawe kitoweo cha matajiri. Anayezungumza mle ni mtu mpole, mwenye hesabu na bei zake tayari, na upole huo ndio unaotisha. Ukisoma juujuu utamwona Swift katili. Ukiuliza anasemwa nani, utawakuta wenye ardhi waliokwisha kuwanyonya wazazi wa watoto hao, na wajuzi wa mipango wanaojadili binadamu kama mifugo.

Ningependa mitihani yetu ipunguze "taja tamathali nne". Iweke kifungu kimoja kisicho na jina la mwandishi, na maswali mawili: anasemwa nani, na umejuaje? Kwa swali la pili mwanafunzi atazirudia tamathali zote alizokariri, safari hii akionyesha kila moja imefanya kazi gani.