Nimelipia historia, siyo mazulia

Jamani, hivi mtu akikodi mwongoza watalii wa peke yake, analipia nini hasa? Mimi nilidhani nalipia historia. Tulikubaliana saa tatu za kuzunguka mji mkongwe. Nusu saa ya kwanza ilikuwa tamu: lango, ukuta, nani aliujenga na kwa nini vichochoro vimepindapinda vile. Mara, "tupite kwa rafiki yangu hapa, dakika tano tu." Dakika tano gani! Nikakalishwa, nikatandaziwa mazulia mpaka sakafu ikapotea. Rafiki wa pili anauza manukato. Wa tatu, vito. Bwana huyu ana marafiki kuliko mgombea wakati wa kampeni, na wote wana maduka.

Kamisheni tunaijua: ukinunua, naye anakatiwa chake, na fungu hilo limeshapachikwa kwenye bei yako. Sawa, riziki. Lakini basi niambie mapema, nipunguzie malipo! Jumba la makumbusho, nililolitaka kuliko vyote, tulilipita mbio eti "muda umekwisha". Umekwishia wapi, kama si kwenye mazulia? Na bado mwishoni akasimama pale, anatabasamu, anasubiri bakshishi.