Malewa, Maiki na Mdomo Wangu

Najua mmeshaipata ile habari ya aibu yangu kwa Shangazi, siku niliyokwenda kurekodi wazee. Mwenzangu anayenishikia taa hakungoja hata taksi ijae abiria, akairusha kwenye grupu la familia kwa sauti, dakika nne nzima, na kwa masimulizi yake mimi nililia. Sikulia. Kwa Shangazi wanapikia kuni, na moshi hauchagui macho.

Sasa sikieni kutoka kwa mwenye aibu.

Shangazi yangu wa Mbale, Uganda, alinikusanyia wazee wanne wa enzi za magendo. Wale wa kahawa. Nyie wa juzi hamjui: baridi kali iliunguza mibuni ya Brazili mwaka 1975, bei ikapaa dunia nzima, na kufikia 1977 kahawa ya Mlima Elgon ilikuwa inavuka usiku, kwa punda na kwa vichwa vya watu, mpaka soko la Chepkube upande wa Kenya. Ukiuzia serikali ya Amin unapewa noti, na sabuni ya kununua kwa hizo noti haipo. Hajji, mmoja wa wale wanne, alikuwepo. Hajati alikuwepo, tena nasikia alibeba kuliko Hajji. Nikasema hii lazima iwe video.

Na nikajigamba, hapo sibishi. Niliwahutubia wazee wa watu kwamba mtazamaji atavumilia picha yenye giza, ila sauti ya kisimani anakimbia. Kwamba simu ukiiweka mita tatu inasikia kuta kwanza, watu baadaye. Ndiyo maana nilibeba maiki mbili ndogo za kubana kifuani, moja kwa Hajji, moja kwa Hajati, wale wawili wengine wakae ubavuni mwao. Nikatundika mablanketi matatu ya Shangazi ukutani yanywe mwangwi. Nikazima friji. Nikamfukuza jogoo mpaka kwa jirani.

Pini sikuitazama.

Pini ya waya wa risiva, kile kidude kinachopokea sauti ya maiki na kuipeleka kwenye simu, kama ni ya kamera, ina pete mbili nyeusi. Ya simu inazo tatu. Ukichomeka ya kamera kwenye simu, simu inadhani umeipa hedifoni tu, inaendelea kurekodi kwa maiki yake yenyewe, kimya, bila kulalamika. Vijistari vya kijani vya kupima sauti vinapanda na kushuka vizuri kabisa. Na tundu likishajaa huna pa kusikilizia. Dawa yake ni ya kitoto: kwaruza maiki ya kifuani kwa ukucha, rekodi sekunde tano, sikiliza. Ukisikia krr krr, uko salama. Mimi nikwaruze maiki mbele ya watu kama niliyeanza kazi jana? Mimi?

Basi simu ikawa juu ya stendi, mita tatu kutoka kwa wazee. Na nusu mita kutoka mdomoni mwangu.

Tulirekodi dakika hamsini. Saa saba chakula kikaletwa, Shangazi akasema, "Mwanangu, hebu tusikie kidogo tukiwa tunakula." Mimi huyo, mbio kwa jirani kuazima spika ya harusi. Nikaunganisha. Nikabonyeza. Nikakunja mikono kifuani.

Kwanza ikatoka pumzi. Nzito, ya mtu aliyetoka kupanda ngazi. "Huyo nani?" Hajji akauliza. Hakujibiwa. Kisha njugu zikitafunwa, moja moja. Huko mbali, kama mtu aliyefungiwa ndani ya mtungi, Hajji anaswaga punda. Halafu mnong'ono wangu, madirisha yakauitikia:

"Huyu mzee punda wake tangu saa nne hajafika mtoni."

Kwenye spika, mwenzangu wa taa akacheka. Yule wa mezani akaanza kukunja waya ambao ulikuwa umeshakunjwa.

Nikaishika simu. Vidole vina mafuta ya kuku. Nagusa, haizimi. Nagusa tena, haizimi. Nikapapasa vitufe vya pembeni nipunguze sauti. Wapendwa, vile vitufe viwili vinafanana sana kwa mtu anayekata roho. Nilibonyeza cha juu. Na hapo, kwa sauti iliyomfikia jirani na jogoo wetu:

"Na malewa ya Shangazi umeyaonja? Ni kama kutafuna mkeka."

Kwa ndugu zangu wa Pwani: malewa ni machipukizi ya mianzi ya mlimani, yanakaushwa kwa moshi, yanachemshwa mpaka yalainike, yanaungwa kwa karanga. Ni chakula cha heshima. Yalikuwa motoni tangu alfajiri. Kwa ajili yangu.

Shangazi alikuwa na upawa mkononi, umejaa, unaelekea sahani yangu. Ukasimama hewani. Tone moja la mchuzi wa karanga likadondoka kwenye kitambaa cha meza, nikalitazama likienea, maana sikuwa na pengine pa kuweka macho.

Hajji, bambi, maskini, sikio lake moja limechoka. "Sijasikia vizuri," akasema. "Rudisha nyuma kidogo."

Hajati akamwinamia sikioni. "ANASEMA. MALEWA. NI MKEKA."

"Na punda?"

"PUNDA WAKO PIA."

Yaliyofuata ni mafupi: nilipiga magoti, nikaosha vyombo vyote pamoja na masufuria ya juzi, nikapeleka kilo mbili za sukari, tukarudia Jumamosi kwa pini ya pete tatu. Safari hii Hajji aliikwaruza maiki mwenyewe mpaka nikaihurumia. Sauti imetoka safi, kila neno, punda amevuka na amerudi. Na dakika ya ishirini, kupitia maiki ya Hajati, Shangazi anasikika wazi kabisa akinong'ona: "Mkeka wa mgeni uko tayari. Nimfungie na wa kubeba?"

Wa kubeba ninao hapa. Nimefika nusu.