Heinkel He 280 iliangushwa na injini yake

Wapenzi wa historia ya ndege wana lawama wasiyochoka kuirudia: Ujerumani ilikuwa na ndegevita ya jeti inayoruka tangu 1941, Heinkel He 280, kisha Machi 1943 Erhard Milch, mkuu wa uzalishaji wa ndege, akaifuta na kuipa nafasi Me 262, ndegevita ya jeti ya kampuni ya Messerschmitt. Kwao huo ni upofu. Milch simtetei, alihukumiwa Nuremberg kwa uhalifu wa kivita, na alistahili. Ila kwa uamuzi huu analaumiwa bure.

Wanaolalamika hawasemi ovyo. He 280 ilipaa kwa jeti zaidi ya mwaka mmoja kabla ya mpinzani wake. Tena ilikuwa na kiti cha kumrusha rubani nje kwa nguvu ya hewa iliyoshindiliwa. Tarehe 13 Januari 1942 Helmut Schenk alikuwa kwenye mfano wa kwanza, uliokuwa umeondolewa injini zake na kuvutwa angani kwa kamba. Barafu ikaganda, kamba ikakataa kuachia. Alijirusha akiwa mita 2,400 hivi juu, akashuka salama kwa parachuti. Hakuna rubani aliyewahi kuokolewa hivyo kabla yake.

Sasa itazame He 280 siku ilipopaa kwa jeti mara ya kwanza. Injini zilikuwa wazi, hazina vifuniko, kwa sababu mafuta yalivuja na kutuama ndani ya vifuniko hivyo. Hiyo ndiyo HeS 8, injini ya Heinkel wenyewe, na kesi yote imelala hapo. Ilikusudiwa kutoa msukumo wa kilo 700. Mwanzoni ikatoa 500 hivi, na miaka miwili baadaye bado haikuwa ya kupeleka kiwandani.

Ilibaki kuazima Jumo 004, injini ya kampuni ya Junkers, yenye uzito wa kilo 720 hivi, karibu mara mbili ya HeS 8. Ilifungwa, ikaruka, lakini ndege ile ndogo haikuumbwa kwa mzigo huo. Masafa yake yalikuwa mafupi tangu awali, na mizinga yake mitatu ilikuwa ya milimita 20. Me 262 iliibeba Jumo vizuri, pamoja na mizinga minne ya milimita 30.

Na hata hiyo Jumo, injini bora waliyokuwa nayo, vitani ilidumu saa 10 hadi 25 tu kabla ya kubadilishwa.