Stanley Ndiye Aliyejua Kuwa Mgeni

Ukioa halafu ukakaa Ujiji, jua umeshaajiriwa. Mshahara hakuna, likizo hakuna: kazi yako ni kuwapeleka wageni wa mke kwenye mwembe wa Livingstone. Mtu anashuka kwenye treni Kigoma, uso hajanawa, tayari anauliza, "Shemeji, mwembe uko wapi?" Utadhani Dar miembe imepigwa marufuku.

Juzi ilikuwa zamu ya kaka'ke mke wangu. Kiingilio nimelipa mimi, maana hela yake ilikuwa kwenye simu, na simu imezima. Mwongozaji akaanza vizuri: Novemba 10, 1871, Stanley, mwandishi wa habari aliyetumwa kumtafuta, akamkuta mmisionari Livingstone hapa hapa, chini ya mwembe. Shemeji akaukagua mti. "Ndio wenyewe?" Akaambiwa ule wa zamani ulishakufa, hii iliyopo imetokana nao. Akanigeukia mimi. "Kwa hiyo umenileta kuona mjukuu?" Kisha akalitafuta ziwa. Akaambiwa zamani maji yalikuwa karibu, yamerudi nyuma. Na hilo nalo likawa kosa langu.

Nikamwacha apige picha na masanamu ya wale wazungu wawili, mimi nikasikiliza habari. Jamani, Livingstone ni mwenzangu! Karudi Ujiji mgonjwa, hoi, anakuta mizigo aliyoletewa kutoka pwani imeshauzwa yote na aliyekabidhiwa. Ndipo anatokea Stanley, karibu miezi minane njiani kutoka Bagamoyo, na msafara wa wapagazi wenye vyakula, vitambaa, mpaka barua. Mgeni njoo, mwenyeji apone! (Hao wapagazi, waliobeba vyote kichwani, sijasikia mtu akiomba kupiga nao picha.)

Mgeni wangu mimi kaja na ndoo mbili. Tupu. Zina na mifuniko. Moja ya mawese, moja ya dagaa, tena dagaa wasiwe na mchanga. Kufika Kibirizi, kusikia bei, akanong'ona, "Ongea nao wewe, wewe ndiye mwenyeji." Nikaongea nao. Kwa pochi.

Jana kapiga simu kutoka Dar. Nikajiweka sawa kupokea shukrani. Kumbe ndoo ya mawese imevujia kwenye begi, anaomba nimtumie nyingine kwa basi. Haya, nitatuma. Ikiliwa njiani, akamuulize Livingstone.