Herufi nne si ruhusa ya ukorofi

Wiki jana ofisini tuliletewa mhamasishaji: suti ya bluu, kipaza sauti cha kubandika shavuni, ukumbi wa watu ishirini ambao wangesikizana hata kwa kunong'ona. Tukajaza dodoso la tabia, kila mtu akapewa herufi nne zinazosema eti yeye ni mtu wa aina gani. Chai haijapoa, bosi wa kitengo akasimama: "Sasa mmejua kwa nini sipaki maneno mafuta. Ndivyo nilivyoumbwa." Makofi! Huyu ndiye aliyemliza binti wa mapokezi mbele ya wageni.

Herufi zenyewe asili yake ni Carl Jung, daktari wa akili wa Uswisi. Kitabu chake cha 1921 kuhusu aina za watu ndicho mama na binti wa Kimarekani, Katharine Briggs na Isabel Myers, walichokitumia kutunga dodoso lao. Kinachoniudhi ni kwamba mzee Jung alisema karibu kinyume cha bosi wetu. Kwake, kujua wewe ni mtu wa aina gani ndiyo kwanza kazi inaanza. Upande wa tabia yako unaoupendelea umemnyima mwenzake chakula, na mwenye njaa hafi. Anatokea kama hasira, wivu, au yule mtu usiyempenda bila sababu. Upande huo ulionyimwa akauita kivuli. Kuwa mtu kamili ni kukubali kwamba unayemsengenya anakaa pia ndani yako. Hiyo si semina ya siku moja, jamani! Jung mwenyewe, alipokosana na Freud, mkubwa wake katika taaluma ya nafsi, mwaka 1913, alitumia miaka kuandika na kuchora maono yake, mengine ya kutisha, katika kitabu chekundu kilichochapishwa 2009, yeye keshafariki tangu 1961. Hakupewa cheti.

Haya, nakubali shingo upande: dodoso lilimpa dada wa uhasibu ujasiri wa kusema mikutano inamchosha.

Wala Jung si malaika. Mwaka 1925 alipita Mombasa hadi Mlima Elgon, kisha akatuandika Waafrika kana kwamba sisi ni utoto wa binadamu. Mtaalamu wa vivuli, chake hakukiona. Ila anasimulia kwamba huko Elgon mganga mmoja mzee alimwambia ndoto zimekwisha tangu waje Waingereza: DC, mkuu wa wilaya wa Kiingereza, anajua kila kitu, ya nini tena kuota? Habari hiyo hainitoki. DC huyo aliondoka zamani, na sisi tumekodi mwingine mwenye suti ya bluu, posho na chakula cha mchana juu yetu.