Hiyo namba ya Ktrans msiiamini haraka hivyo

Hizi ramani za rangi sijui zimetupa nini. Skani ya MRI ya kuangalia damu inavyopita kwenye uvimbe ikishatoka, nyekundu huku bluu kule, pembeni namba yenye desimali tatu, basi kila mtu anatikisa kichwa kukubali. Mi swali langu ni moja tu, huyu mgonjwa akirudishwa kwenye mashine kesho bila dawa yoyote, namba itatoka hiyohiyo?

Chukua Ktrans, ile inayoonyesha kontrasti, yani dawa anayochomwa mgonjwa ili damu ionekane kwenye skani, inavovuja toka kwenye mishipa kuingia kwenye uvimbe. Kuipata, programu inataka kwanza ijue kontrasti ilikuwa kiasi gani kwenye damu yenyewe kila baada ya sekunde chache, so mtu anachagua vidoti ndani ya ateri kwa mausi, na akipotoka kidogo tu akagusa ukuta wa mshipa kilele cha grafu kinashuka na Ktrans inapanda. Uvimbe ni uleule jamani.

Ila inayoniudhi zaidi ni hematokriti, yani ile sehemu ya damu ambayo ni chembe nyekundu. Kontrasti haiingii kwenye chembe, inakaa kwenye plazma, so hesabu inabidi ijue plazma ni kiasi gani, na wengi wanaweka 45% kwa kila mtu wanaendelea na maisha. Sasa mgonjwa kapigwa kemo, hematokriti imeshuka mpaka 30%, piga hesabu mwenyewe: plazma ya kudhani 0.55 gawanya kwa ya kweli 0.70, Ktrans inasoma pungufu kwa kama 21% bila uvimbe kuguswa! Daktari anasema dawa imefanya kazi kumbe ni anemia, na kipimo cha damu kilishafanyika asubuhi ileile kiko kwenye faili.

Alama zenyewe za hivi vipimo, kama hiyo Ktrans, wataalamu walikubaliana tangu 1999, na 2007 chama cha radiolojia cha Amerika Kaskazini, RSNA, kikaanzisha QIBA, kundi la kusukuma hivi vipimo viaminike. Kazi nzuri. Lakini bado naona watu wanakimbilia modeli mpya kuliko kupima mtu yuleyule mara mbili kabla ya tiba, kazi ambayo haina sifa ila ndo inakwambia kipimo kinayumba kiasi gani. Tuseme kinayumba 20%, basi kwa kanuni ya takwimu unazidisha kwa 2.77, badiliko lolote chini ya kama 55% kwa mgonjwa mmoja huwezi kusema ni la kweli. Umeona ile 21% inapotelea wapi?

Najua, kumchoma mgonjwa kontrasti mara mbili kwa ajili ya utafiti sio ombi dogo, na hapo ASL, aina nyingine ya skani ya MRI, ina unafuu maana badala ya kontrasti inatumia damu yake mwenyewe, unarudia utakavyo. Tatizo signali ya hiyo damu kwenye ubongo ni kama 1% tu ya signali yote, mtu akitikisika kidogo unaanza upya.