Ini si chujio la chai: mabishano kuhusu kutoa sumu mwilini

Siku ya pili ya kunywa juisi tupu, kichwa cha rafiki yangu kilianza kugonga. Alifunga mapazia, akajilaza, akamwandikia ujumbe aliyemuuzia mpango huo wa siku saba. Jibu lilikuja upesi, na ndani yake mlikuwa na pongezi: usiogope, hizo ni sumu zinatoka. Akafurahi. Maumivu yakageuka ushahidi kwamba kitu kinafanya kazi.

Nilimuuliza swali moja tu: kwa kawaida unakunywa kahawa vikombe vingapi kwa siku? Vinne. Na sasa? Hata tone, maana kahawa imepigwa marufuku kwenye mpango. Mtu aliyezoea kafeini akiiacha ghafla, kichwa huanza kumuuma kati ya saa 12 na 24 baada ya kikombe cha mwisho, na mara nyingi siku ya pili ndiyo mbaya zaidi. Hilo linajulikana vizuri, na halihitaji sumu yoyote kulieleza. Lakini jibu la muuzaji lina ujanja ambao sharti niuvulie kofia: halishindwi. Kichwa kikiuma, sumu zinatoka. Kisipouma, mwili umeshasafika.

Upande wa pili nao una jibu lake la mkato, linalopendwa na madaktari na wabishi wa mitandaoni: mwili una ini na figo, hujisafisha wenyewe, kaeni mtulie. Nimeishi miaka mingi nikiamini hivyo. Bado naamini kwa sehemu kubwa, ila siku hizi naona jibu hilo linafunga mjadala kabla haujafika penye maana.

Tuwape kwanza wapinzani wa mipango hii haki yao. Mwaka 2009 nchini Uingereza, wanasayansi vijana chini ya asasi ya Sense About Science waliwafuata watengenezaji wa bidhaa 15 zilizouzwa kwa jina la kutoa sumu, wakawauliza neno hilo lina maana gani. Hazikupatikana kampuni mbili zilizolieleza kwa namna moja. Mwaka 2015, watafiti Klein na Kiat walipitia machapisho kuhusu milo hii inayouzwa, wakakuta hakuna hata jaribio moja la kupanga watu kwenye makundi kwa bahati nasibu lililowahi kuipima. Yaani tatizo si kwamba ilipimwa ikashindwa. Haikupimwa ipasavyo. Hata zile kilo mbili zinazopungua haraka zina maelezo mepesi: mwili huhifadhi wanga kama glikojeni, na kila gramu yake hukaa pamoja na gramu kama tatu za maji. Ukila kidogo kwa siku chache, akiba hiyo huisha na maji huondoka nayo. Ukirudi mezani, vyote vinarudi.

Hata hivyo, dhana yenyewe ya mwili kuondoa sumu haikubuniwa na wauza juisi. Mwaka 1842, katika maabara ya Friedrich Wöhler huko Ujerumani, kijana aitwaye Wilhelm Keller alimeza asidi ya benzoiki kisha akauchunguza mkojo wake. Alichomeza hakikutoka kama kilivyoingia. Kilitoka kikiwa asidi ya hipuriki, maana yake mwili ulikuwa umekishika, ukakifunga na kitu chake wenyewe, ndipo ukakitoa. Elimu nzima ya jinsi dawa na kemikali zinavyobadilishwa mwilini ilikua kutoka kwenye majaribio ya aina hiyo.

Hapo ndipo naona kosa kubwa la mjadala huu, na kambi zote mbili zinalo. Tunaliwaza ini kama chujio la chai: uchafu unanasa, matundu yanaziba, basi mara mojamoja lisuuzwe. Kambi moja inauza maji ya kusuuzia, nyingine inasema chujio hili halizibi. Lakini ini si chujio, ni karakana. Lina uzito wa kilo 1.5 hivi kwa mtu mzima, na kila dakika hupokea damu ya takriban lita 1.5, ambayo robo tatu yake hivi inatoka moja kwa moja kwenye eneo la utumbo. Kinachoingia hufunguliwa, hubadilishwa, hufungwa na kitu kingine ili kiyeyuke kwenye maji, kisha husafirishwa kwa nyongo kwenda utumboni au kwa damu kwenda kwenye figo. Figo ndizo zenye kazi ya kuchuja hasa: hupitisha takriban lita 180 za majimaji kwa siku, na karibu zote hurudishwa mwilini, mkojo ukabaki lita moja au mbili.

Karakana haidai kusuuzwa. Inadai malighafi, mafundi wazima, na mzigo unaobebeka.

Mfano unaonifundisha zaidi ni parasetamoli, kidonge ambacho karibu kila nyumba kinacho. Kwa dozi ya kawaida, ini hukifunga na kukitoa bila shida. Sehemu ndogo tu hugeuzwa kuwa kitu chenye sumu kali kuliko kidonge chenyewe. Ndiyo, ini wakati mwingine hutengeneza sumu katika harakati za kuondoa sumu. Kitu hicho hudhibitiwa papo hapo na glutathioni, molekuli ambayo mwili huiunda kwa viini vitatu vya protini. Mtu akimeza vidonge kupita kiasi, glutathioni humalizika na seli za ini huanza kufa. Hospitali humpa asetilisisteini, na dawa hii haifagii chochote: inalipa ini malighafi ya kutengeneza glutathioni nyingine. Huko ndiko kutoa sumu kwa kweli, na kunafanana na kujaza ghala kuliko kupiga deki.

Sasa rudi kwenye siku saba za juisi. Protini haba. Nyuzinyuzi zimebaki kwenye kichujio cha mashine. Sukari ya matunda tele. Kwa mtu mzima mwenye afya, wiki moja ya namna hii haitabomoa kitu, sitaki kutia chumvi. Lakini kuiita msaada kwa ini ni kumpunguzia fundi mbao na kumwambia tumekurahisishia kazi.

Niigeukie sasa kambi yangu mwenyewe. Kusema ini na figo vinatosha ni kudhani kila mtu anavyo vikiwa vizima. Makadirio ya karibuni ni kwamba watu wazima kama 3 katika 10 duniani wana mafuta yaliyorundikana kwenye ini kwa sababu zinazohusiana na uzito, sukari na mfumo mzima wa kutumia chakula, wengi wao bila dalili yoyote. Huwezi kumwambia mtu huyo akae atulie. Na kwake yeye mazoea ya kila siku ndiyo tiba kuu: kupunguza asilimia 5 ya uzito huanza kupunguza mafuta hayo, na kufika asilimia 7 hadi 10 kunaweza kutuliza hata uvimbe ndani ya ini. Mazoezi husaidia hata mizani isiposogea. Hapo karakana inatengenezwa kweli, ingawa hakuna mtu wa kukupigia makofi siku ya saba.

Tena kuna sumu ambazo mwili hauziwezi, uwe mzima kiasi gani. Madini ya risasi hujificha kwenye mifupa kwa makumi ya miaka. Dioksini, kemikali zitokanazo na viwanda na uchomaji taka, hukaa kwenye mafuta ya mwili, na nusu yake huchukua miaka 7 hadi 11 kuondoka. Anayesema mwili hujisafisha wenyewe hajawafikiria watu waliobeba sumu hizi. Anayewauzia chai ya majani hajawafikiria zaidi. Aliyepimwa damu akakutwa na risasi nyingi hupewa dawa maalumu za kuinasa, chini ya uangalizi, na kabla ya hapo hutafutwa inakotoka: rangi za zamani, mabomba, vumbi la kazini. Chakula kina nafasi yake humo, ila ya kujikinga: mwenye upungufu wa madini ya chuma au kalsiamu hufyonza risasi zaidi, hasa akiwa mtoto.

Na je, chakula kinaweza kuongeza kasi ya mwili kutoa sumu? Hapa nilibadilisha mawazo. Huko Qidong, China, watu 291 wanaoishi kwenye hewa chafu walipewa kinywaji kila siku kwa wiki 12, kundi moja likipewa chenye machipukizi ya brokoli. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014: wenye brokoli walitoa kwa mkojo mabaki ya benzini, kemikali mojawapo ya hewa chafu, kwa asilimia 61 zaidi ya wenzao. Kabla ya hapo, eneo hilohilo, watu 180 walihusishwa katika jaribio la klorofilini, kitu kinachotokana na rangi ya kijani ya mimea. Waliomeza miligramu 100 kila mlo kwa miezi minne walionyesha upungufu wa asilimia 55 wa alama ya madhara ya sumukuvu (sumu ya kuvu wa nafaka na karanga) kwenye mkojo. Kwa hiyo wale wanaocheka kila anayesema mboga husaidia mwili kushughulikia sumu, wacheke polepole.

Ila tusome matokeo hayo kwa macho mawili. Kilichopimwa ni kemikali inayotajwa kwa jina, kwa kipimo, dhidi ya kundi la kulinganishia. Halafu kuongezeka kwa benzini kwenye mkojo hakujaonyesha kwamba magonjwa yalipungua kwa watu hao. Na benzini ilikuwa ikiingia kila pumzi. Kinywaji kizuri kuliko vyote kisingelingana na hewa safi, na kwa upande wa sumukuvu, mahindi na karanga zilizokaushwa vizuri zinakishinda kidonge.

Ndiyo maana nikiulizwa kuhusu mazoea ya kila siku, naanza na kile kisichoingia. Tumbaku: moshi wake una kemikali zaidi ya 7,000, na baada ya saa 12 hivi bila kuvuta, kiwango cha kaboni monoksidi kwenye damu hushuka kuwa cha kawaida, bila kununua chochote. Pombe: ini huigeuza kuwa asetaldehidi, ambayo ni mbaya zaidi, kisha asetati, kwa kasi ya gramu 7 hadi 10 hivi kwa saa. Kasi hiyo haiharakishwi na kahawa, ndimu wala maji baridi. Anayekunywa mwezi mzima kisha "akajisafisha" siku tatu amefanya hesabu ambayo ini haliitambui.

Kinachofuata ni nyuzinyuzi, ambazo hazina mvuto wowote wa kibiashara. Sehemu ya vitu ambavyo ini limevimwaga kwenye nyongo hufyonzwa tena utumboni na kurudi. Nyuzinyuzi hunasa sehemu ya asidi za nyongo na kuondoka nazo chooni. Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza angalau gramu 25 kwa siku kwa mtu mzima, na mboga na matunda gramu 400. Dawa za kumfanya mtu aharishe hazifanyi kazi hiyo. Zinatoa maji na chumvi, na mtu anaona choo kingi anadhani kimebeba sumu nyingi. Imani hii ni ya zamani. Mwanzoni mwa karne ya 20, daktari mpasuaji William Arbuthnot Lane wa London aliwakata watu utumbo mpana ili wasijitie sumu kwa choo chao wenyewe.

Jasho tulipite haraka: ni maji na chumvi, na sumu inayotoka humo ni kidogo mno kulinganisha na kazi ya ini na figo. Maji nayo, kunywa yakutoshe. Yakizidi mno huzimua sodiamu kwenye damu, na watu wamelazwa hospitali kwa hilo wakiwa katikati ya kujisafisha.

Usingizi ni jambo lenye utata mtamu. Mwaka 2013, maabara ya mtafiti wa ubongo Maiken Nedergaard ilionyesha kwamba panya wakilala, nafasi kati ya seli za ubongo hutanuka kwa asilimia kama 60 na taka huondoka kwa kasi. Habari hiyo ikazunguka dunia. Mwaka 2024 watafiti wa London wakapima kwa njia nyingine, kwa panya vilevile, wakakuta uondoaji unapungua usingizini. Kwa hiyo anayesema lala ili ubongo uoshwe anautangulia ushahidi. Lala tu, sababu ziko tele, kuanzia sukari ya damu hadi uzito, na hizo mbili zinarudi palepale kwenye ini.

Kinachonitia hofu hasa ni vitu vilivyokolezwa. Majani ya chai ya kijani kwenye kikombe hayana neno, lakini mwaka 2018 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilionya kwamba vidonge vyake vyenye miligramu 800 au zaidi za EGCG (kemikali kuu ya chai hiyo) kwa siku vinahusishwa na dalili za kuumia kwa ini. Mwaka huohuo iliripotiwa habari ya mwanamke wa miaka 65 ambaye figo zake zilikufa baada ya kunywa mfululizo juisi za mboga za kijani zenye oksaleti nyingi, kemikali ya asili ya mimea. Alikuwa amewahi kupasuliwa tumbo ili kupunguza uzito, na alitoka kutumia antibiotiki kwa muda mrefu, hali zinazofanya oksaleti ifyonzwe zaidi. Mboga zilezile kwa mwingine zingekuwa chakula tu. Mwenye ugonjwa wa figo, kisukari, mimba, au anayemeza dawa za kila siku, maneno haya ya "asili haina madhara" hayamhusu.

Rafiki yangu, kwa taarifa, hakufika siku ya saba. Jioni ile alikoroga kahawa, akanywa gizani, na kabla saa moja haijaisha alikuwa amefungua mapazia. Ini lake halikulalamika: tafiti nyingi zinawaonyesha wanywaji wa kahawa wakiwa na makovu machache ya ini kuliko wasiokunywa. Muuzaji alimwambia ameharibu mpango wote.